Jinsi Tulivyokichafua Chombo cha Anga cha Zaituni

Wadogo zangu mnaoniuliza kazi ya kupaka rangi modeli inaanzia wapi, jibu ni puani. Mimi kwangu imeishia hapo hapo. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu, kwa sababu daktari alinichungulia puani, akanisikiliza kifua, akaniuliza nafanya kazi gani, na nilipomjibu akavua miwani. Akasema niachane na thina, ile ya kuzimulia rangi, kabla haijaachana na mimi. Nikamuuliza ana uhakika gani kwamba ni thina na si vumbi la Dodoma, maana vumbi tunalivuta wote, na yeye mwenyewe alikuwa anakohoa.

"Dada, wewe ni mwanasheria?" akaniuliza.

Nikasema hapana, nimesoma falsafa. Akaanza kuandika haraka zaidi.

Basi nimestaafu, na mstaafu ana haki ya kusimulia. Mkiona nachanganya mambo ya mwanzo na ya mwisho, vumilieni. Kazi yenyewe haikunijia kwa mpangilio.

Nilimaliza chuo kikuu hapa hapa Dodoma nikiwa na shahada ambayo hakuna aliyejua aiweke wapi. Siku moja nikapita Kizota, nikaona karakana yenye meza kubwa, na juu ya meza kijiji kizima cha nyumba ndogo, kila moja ukubwa wa kiberiti. Nikaingia kuuliza kwa nini zote zina paa jekundu. Nikatoka miaka saba baadaye.

Mwenye karakana alikuwa Fundi Masima, Mgogo wa hapa hapa, aliyeanza maisha kwa kupulizia magari rangi. Mji ulipoanza kujengwa kwa kasi, kila mtu aliyekuwa na ramani ya jengo alitaka modeli yake ya kuweka mapokezi ndani ya kioo, na Fundi akagundua kwamba jengo dogo halirudi na mwenyewe kulalamika kuwa limegongwa. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana majina.

"Mnyamwezi," alikuwa akiniambia nikichelewa, "babu zako walipita hapa na mizigo kichwani wakituomba maji. Leo wewe kazi ndogo tu ya kuniletea chai inakushinda?"

"Walipita, Fundi, na mkawatoza hongo kwa maji ya Mungu. Nimekuja kudai."

"Chukua ufagio, ndiyo malipo yake."

Ufagio ndio somo la kwanza, na wengi wenu mtalidharau. Dodoma haikosi upepo, na upepo wa Dodoma haukosi udongo. Ukipaka rangi mchana, unapaka rangi na udongo pamoja. Kwa hiyo tulipulizia asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Kwanza unamwaga maji sakafuni vumbi lilale, unafunga mlango, unachuja rangi kwa soksi ya nailoni, ndipo unaanza. Rangi nyembamba mara tatu inazidi nene mara moja. Na ukishapaka, weka mikono mfukoni. Kila mtu duniani akiona kibao "rangi mbichi" anataka kugusa ahakikishe. Mimi pia. Nimesomea kuhakikisha.

Fundi mwenyewe, pamoja na mahubiri yake, alishawahi kuacha dole gumba zima kwenye uwanja wa modeli ya ofisi fulani. Alama ilikauka na mistari yake yote, na mteja alikuwa keshaingia mlangoni. Yule bwana akainama, akavuta miwani.

"Na haya ni nini, Fundi? Matuta?"

"Matuta, mkubwa. Ya kuzuia mmomonyoko."

"Wazo zuri sana."

Nimepita pale juzi. Jengo limekwisha, na matuta yapo, yamejipinda kama dole gumba la Fundi Masima. Maji ya mvua yanakaa vizuri tu.

Mimi nilikuwa na kasoro nyingine. Tulikuwa tunatengeneza miti kwa dodoki, lile la kuogea: unalikata vipande, unalichovya kwenye rangi ya kijani, unalikausha. Miti inatoka mizuri kuliko ya kweli. Majani chini tunanyunyiza unga wa mbao uliopakwa kijani vilevile. Siku moja mteja akiwa anashangilia bustani yake, nikamuuliza kwa heshima zote, "Samahani, haya majani ni ya mwezi gani?" Akanitazama. Nikaendelea, "Maana kiwanja chako nakifahamu, na kuanzia Juni pale panafanana na mgongo wa ngamia." Fundi alinipiga marufuku kuzungumza na wateja kabla hawajalipa. Baadaye akaongeza, na baada ya kulipa.

Lakini modeli ninayotaka kuwasimulia haikuwa ya jengo.

Aliyeileta alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Zaituni, binti wa Chemba. Aliingia asubuhi amebeba kitu kwenye kanga, amekilaza mkononi kama mtoto. Fundi akasimama, akapangusa mikono.

"Hongera, mama! Mtoto gani?"

"Shikamoo, Fundi. Ni chombo cha anga."

"Marahaba. Baba yake yuko wapi?"

Akafunua kanga. Kilikuwa na urefu kama wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Mwili wake ulikuwa kipande cha bomba la plastiki la maji, pua yake kifuniko cha chupa ya chai, miguu yake vijiti vya mishikaki, na kote kimepuliziwa rangi ya fedha ya kopo. Kwa macho kilipendeza. Zaituni akatuonyesha picha aliyokipiga kwa kamera. Ilikuwa ni chupa ya chai imeanguka kutoka mezani.

"Kinatakiwa kionekane cha kweli," akasema. "Kikubwa. Kama kinaweza kubeba ng'ombe."

"Ng'ombe?" nikauliza.

Ndipo akatueleza. Alikuwa anatengeneza filamu fupi na wenzake. Ukame umekolea nyikani, familia moja ya wafugaji inapakia ng'ombe kwenye chombo, inawapeleka kulisha kwenye sayari nyingine, na filamu inaanza siku wanaporudi nyumbani. Watu alishawapiga picha, ng'ombe alishawapiga picha, tena ng'ombe wa kweli wa kwao. Kilichobaki ni chombo kutua, na kutua ndiyo picha ya kwanza kabisa.

"Na baba anakuja kuiangalia," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Baba yake, Mzee Issa, alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, na kwenye minada ya Chemba hakuna aliyewahi kumuuzia mnyama mbovu. Watu hupaka ng'ombe mzee mafuta ang'ae, humnywesha maji tumbo lijae, humsugua pembe. Mzee Issa husogea pembeni, hungoja ng'ombe atembee, kisha hutaja umri wake na ugonjwa wake. Na Zaituni alikuwa amemwambia mtu huyo kwamba akimaliza chuo hataki kwenda kukaa kwenye duka la dawa za mifugo la baba yake mdogo. Anataka kutengeneza filamu. Mzee hakufoka. Alisema tu, "Nitakuja nione. Nikicheka pasipo pa kucheka, tunarudi wote Chemba, wewe unaingia dukani."

"Sasa chombo kikionekana chupa ya chai," Zaituni akasema, "atacheka mwanzo kabisa. Yaliyobaki hata hatayaona."

Fundi akakishika chombo, akakigeuza geuza. "Usijali, mwanangu. Mimi nimezirudishia ujana gari zilizogongana uso kwa uso."

Na kweli alikirudishia. Alikipiga msasa, akajaza puti kwenye viungo, akapuliza rangi ya chini, akapuliza nyeupe ya lulu, ile wanayowekewa mabwana harusi kwenye magari, akamalizia kwa klia ya kung'arisha na kukisugua kwa kitambaa. Niseme ukweli: sijawahi kuona kazi safi kama ile. Zaituni akakiweka juu ya rundo la mchanga uani, akapiga video kwa simu. Tukainama wote watatu kutazama.

Ubavuni mwa chombo alionekana mtu mwenye kofia, kichwa chini miguu juu, anakuna kiuno. Nyuma yake ilipita pikipiki.

"Fundi," akasema Zaituni taratibu, "umetokea kwenye filamu."

Fundi akachukua simu akaisogeza karibu na uso. "Nimetoka vizuri?"

Hapo nikaona nafasi yangu. Nilikuwa nimetazama video nyingi za watu wa mbali wanaopaka modeli za namna hii, na wote walisema jambo moja: kipya ni uongo, kichafue. Nikamwambia Fundi akae pembeni. Mng'ao niliuua kwa vanishi iliyochanganywa na poda ya mtoto. Hilo likumbukeni, linafanya kazi na ni rahisi. Kisha nikaanza kuchafua. Nilitumia chumvi: unanyunyiza chembe za chumvi juu ya rangi ya chini ikiwa na unyevu, unapaka rangi ya juu, ikikauka unasugua chumvi itoke, na rangi inabaki imebanduka banduka kama ya bati kuukuu. Nikapitisha ncha ya penseli kwenye kona ing'ae kama chuma. Nikaweka kutu. Nikaweka masizi. Nikaweka michubuko kila mahali, sawasawa, kama mtu anayepanda mtama. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache, nikajipenda.

Fundi alikuja na kikombe chake cha chai, akakizunguka chombo.

"Mnyamwezi. Hii ni kutu?"

"Kutu."

"Kutu inataka maji. Huko juu mvua inanyesha?"

Nikafungua mdomo. Kwa miaka yote ile mimi ndiye niliyekuwa nawauliza wenzangu kwa nini, na sasa nimeulizwa mimi, kwenye kutu yangu mwenyewe.

"Pengine ilinyesha huko walikokwenda," nikajitetea.

"Hadi kwenye paa, kwenye tumbo, na ndani ya kitako? Mvua ya wapi hiyo inayonyesha kutoka chini?"

Zaituni akakiinamia. Akasema, "Dada Nyamizi, usinielewe vibaya. Kinaonekana kama kimeokotwa. Baba atauliza ni mjinga gani kapandisha ng'ombe humu."

Sikulala vizuri, lakini hilo si hoja. Mtu aliyesoma falsafa halali vizuri hata akishinda. Hoja ni kesho yake. Kizota imejaa gereji, na malori hupanga foleni mpaka barabarani yakisubiri mafundi. Nikachukua kigoda, nikakaa mbele ya lori moja kuukuu la mizigo, nikaanza kuliuliza maswali. Si kwa sauti, ingawa dereva wake aliniangalia kwa wasiwasi.

Kwa nini rangi imelika hapa, karibu na kitasa, na si pale? Kwa sababu mkono hushika hapa. Kwa nini hapa chini ya dirisha pamefifia, umbo la kiwiko? Kwa sababu dereva huweka kiwiko. Kwa nini bawa la kulia, lile la juu ya tairi, lina buluu tofauti kidogo na la kushoto? Kwa sababu liligongwa, na dukani hawakupata buluu ile ile. Kwa nini tumbo limejaa udongo mwekundu na paa lina vumbi jepesi tu? Kwa sababu tairi hutupa udongo chini, na paa hupata kinachobaki hewani. Na juu ya mlango, chini ya rangi mpya, yalionekana kwa mbali majina ya mwenye lori wa zamani, yamefutwa na mtu mvivu.

Nikarudi karakana mbio. Hapo ndipo nilipojifunza kitu pekee ninachokiamini kuhusu kazi hii, na mimi siamini mambo mengi: uchafu una mwenyewe. Kila doa kabla hujaliweka liulize, nani kakuleta, na ulikuwa unatoka wapi? Doa lisilojua kujibu, lifute.

Tukakiosha chombo chote, tukaanza upya, na safari hii tulikaa watatu mezani kama baraza la ukoo, tunakitungia maisha. Tukakubaliana hakikununuliwa kipya. Kilikuwa cha tajiri mwingine, wakakinunua wafugaji kwa kuchangishana. Kwa hiyo nikakipaka kijani ya zamani, juu yake buluu, na buluu nikaisugua kwa mswaki na thina kidogo pale tu mkono unaposhika. Pembeni kipande kimoja nikakipaka buluu nyingine, ya ajali.

"Na maandishi mlangoni," akasema Fundi. "Chombo gani hakina maandishi? Jina la mwenye mali, sanduku la posta, uzito mtupu na uzito wa mzigo."

"Uzito!" nikasema. "Fundi, angani hakuna uzito."

"Angani hakuna. Akitua akaingia barabara kuu, mizani si ipo?"

Zaituni akashika tumbo kwa kucheka. Lakini Fundi hakuwa anatania. Alichukua brashi yake ya nywele tatu, akazuia pumzi, akaandika uzito kwa herufi ndogo kuliko mchele. Nikabisha kwamba hakuna mtazamaji atakayeziona. Akasema hata yeye kwenye lori hazisomi, ila zikikosekana anajua. Nikatafuta hoja ya kumjibu. Bado naitafuta.

Yeye naye alitaka kuandika nyuma MWENYE WIVU ANUNUE LAKE. Zaituni akakataa kabisa. Filamu yake inaanza kwa huzuni. Fundi akanuna mpaka chai ilipoletwa.

Tulikuwa tunaelekea kumaliza nilipouliza swali ambalo, nasema bila aibu, ndilo lililokiokoa chombo.

"Ng'ombe wanaingilia wapi?"

Zaituni akakitazama chombo chake alichokitengeneza mwenyewe na kukibeba kwa kanga. Kulikuwa na mlango wa dereva, saizi ya stempu ya posta. Ng'ombe hawakuwa na mlango.

"Yaa Rabbi," akasema. "Na baba anatoka mnadani."

Tukachora mlango mkubwa kwa rangi: mstari mwembamba mweusi, na pembeni yake mstari wa rangi iliyokolea kidogo uwe kivuli, ili plastiki bapa ionekane ina kina. Chini ya mlango nikakwangua pale kwato zinapokwaruza. Kisha nikauliza tena, kwa sababu nilikuwa nimeshika kasi.

"Chombo cha ng'ombe hakina mavi?"

Sasa hapo, wadogo zangu, ndipo nilipoona wasomi na wasiosoma wakiheshimiana. Maana Fundi Masima kakulia zizini, Zaituni kakulia mnadani, na mimi nilikuwa na brashi mkononi nasubiri uamuzi wa rangi.

"Kahawia," akasema Fundi. "Tena makavu. Ukame ule."

"Ukame uko huku, Fundi," akasema Zaituni. "Wao wanatoka kwenye malisho."

"Huko kuna majani?"

"Tele. Ndiyo maana walikwenda."

Fundi akafikiri, mikono nyuma. "Basi ni kama ya masika. Ya kijani, mepesi, yanatiririka."

"Lakini safari ni ndefu," nikasema. "Njiani wanakula nini?"

"Mabua waliyobeba."

"Basi ya kijani chini, yaliyokauka, na ya kahawia juu yake, mapya."

Ilikuwa ni hoja isiyo na tundu. Nikachanganya rangi mbili, nikazizimua mpaka zikawa kama chai, nikaweka tone kwenye mwanya wa sakafu ya mlango na kulivuta chini kwa brashi kavu, moja baada ya nyingine, kila mchirizi na urefu wake. Mwisho nikachukua udongo wa pale pale uani, nikauchekecha kwa kipande cha kanga ukawa laini kama poda, nikaupuliza tumboni mwa chombo tu, ukipungua kuelekea juu.

Zaituni akapiga picha, akaikuza, akatuonyesha. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na kitu kikubwa kama nyumba, kimechoka, kimetoka mbali, na nilisikia harufu yake. Naapa. Mimi nisiyeapa.

Kutua tulikupiga picha uani pale pale, asubuhi, kabla ya upepo. Chombo kilining'inia kwa nyuzi nne za nailoni kwenye mpini wa fagio nilioushika mimi juu ya ngazi. Chini, Fundi alikuwa na kompresa, apulize vumbi chombo kikikaribia ardhi. Zaituni alikuwa amelala kifudifudi na kamera.

"Shusha, dada. Taratibu. Taratibu. Fundi, vumbi!"

Vumbi likafumuka vizuri ajabu. Na hapo uzi mmoja ukafyatuka. Chombo kikainama upande wa kushoto, kikatua kama mlevi anayetafuta kiti, kikayumba, kikasimama. Kisha, kamera ikiwa imezimwa, mguu mmoja ukavunjika na upepo ukaingia uani. Tulikuwa na picha ile moja tu.

"Imeharibika," akasema Zaituni. Hakulia. Alikuwa anakunja kanga yake kwa makini mno. "Kimepinda. Baba anaingia kesho."

Kesho yake tukakutana Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, ambacho mwenyewe alimpa Zaituni mpaka mechi ianze. Mabenchi ya nyuma yalikuwa yameshakaliwa na vijana waliowahi nafasi. Mzee Issa aliingia na kofia yake ya kufuma, koti, na fimbo. Fundi akamwamkia, nikamwamkia.

"Wewe ndiye uliyepaka?" akaniuliza.

"Ndimi, baba. Pamoja na Fundi."

"Kwetu mtu anayempaka ng'ombe ili tusimjue tunamfukuza mnadani."

"Sisi tumepaka ili kijulikane, baba," nikasema. Mzee akaketi benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Zaituni akakaa nyuma yake, karibu nami, na kushika kidole changu kama anataka kuondoka nacho.

Taa zikazimwa. Nyika ikaonekana, kisha mbingu, kisha kitu kidogo kinashuka. Chombo kikakaribia. Niliona mabega ya Mzee Issa. Mabega ndiyo hucheka kwanza. Hayakutikisika. Vumbi likafumuka, chombo kikainama upande wa kushoto, na mzee akanyanyua fimbo juu.

"Aa! Aa! Amepakia upande mmoja huyo!"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ni kweli, mzee," kijana mmoja akadakia kutoka nyuma. "Wamejaa kushoto wote."

"Watakanyagana! Unafunga breki hivyo, una ng'ombe ndani?" Akageuka kutafuta mtu wa kumweleza, akanipata mimi. "Na mlango umewekwa ubavuni. Akiinama hivi, wa chini anasimamaje? Huyu dereva nani?"

Nilimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama ukutani kwa heshima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Hakunyamaza tena. Ng'ombe walipotoka, akawahesabu kwa sauti. Bibi kwenye filamu alipompoteza ndama, mzee akamwambia atazame nyuma ya jiwe. Mwisho, taa zilipowashwa, alikuwa anapangusa macho kwa kona ya koti, anasingizia vumbi la Dodoma, na mimi nikaliacha hivyo hivyo.

Lakini mnanijua. Tulipotoka nje sikuweza kujizuia.

"Baba, samahani. Uliamini kile chombo?"

"Kuamini nini?" Akanitazama kama namuuzia kitu. "Kile ni bomba la maji. Nimeona kiungo chake mkiani. Na pua ni kifuniko cha chupa ya chai, tunacho nyumbani."

Zaituni akaegemea ukuta.

"Sasa mbona ulimgombeza dereva?" nikauliza.

"Bomba halina kosa, mwanangu. Mwenye kosa ni dereva." Akasimamisha fimbo, akamgeukia binti yake, uso umekunjamana kwa uzito wa jambo. "Sikiliza. Filamu inayofuata, mwambie apakie madume mbele na majike nyuma. Wazito wakae katikati, si pembeni. Hapo hatainama."

Zaituni alimtazama baba yake, akanitazama mimi, akamrudia baba yake.

"Sawa, baba," akasema. "Madume mbele."